Funga Sola, Kata Bima, Usilipwe

Mwenye bati jipya, mnada wa korosho umepita, makato ya ushirika yameshakatwa na fedha imesoma benki. Hapa kwetu Nachingwea na Ruangwa, mtu mwenye fedha ya msimu ana njia tatu za kuheshimika: pikipiki, unyago wa binti utakaoliwa na kata nzima, au sola. Wewe umechagua sola. Hongera. Paneli nne juu ya paa zinaonekana tangu barabarani, na tusidanganyane, hilo limekuvutia kuliko taa zenyewe.

Sasa shemeji yako wa Dar es Salaam amepiga simu kukushauri uikatie nyumba bima. Usibishane naye. Kata. Karatasi yenye nembo na muhuri ina heshima yake sebuleni, ikining'inia kando ya picha ya harusi. Kazi yangu mimi ni kukuongoza ulipe ada, ujisifu kijiweni kwamba nyumba yako ina "bima kubwa", halafu siku utakapokuja upepo, moto au mwizi, usiambulie hata shilingi. Usidhani ni rahisi. Kampuni ikiambiwa kila kitu mapema, ikapewa risiti na picha, inaweza kabisa kulipa, na hapo tutakuwa tumeharibu.

Tena usiogope kushindwa, maana uko mahali penye historia. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifika hadi hapa Nachingwea na matrekta, wataalamu na reli yake kutoka pwani. Kufikia mwaka 1951 walikuwa wameutelekeza, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya sitini hata reli ikang'olewa. Leo tuna kata inayoitwa Stesheni, na treni hakuna. Wale walikuwa na wataalamu. Wewe una mimi.

1. Amini kwamba bima unayo tayari

Njia fupi kuliko zote ni kutokata kabisa huku ukiamini umekata. Wengi wetu tumefuzu hapa bila kufundishwa. Kama wewe ni mwalimu au muuguzi uliyekopa kwa mshahara, benki ilikukata kiasi fulani ikaandika "bima ya mkopo". Jiambie hiyo ndiyo ya nyumba. Bima ile kazi yake ni deni: ukifariki, au ukipata ulemavu wa kudumu, mkopeshaji analipwa chake. Bati likiruka, mkopeshaji hana habari, na makato ya mwezi ujao yako palepale.

Paneli zimekuja na waranti ya miaka 25? Ihesabu nayo. Waranti inahusu paneli iliyotoka kiwandani na kasoro, au iliyochoka mapema kuliko ilivyoahidiwa. Haimhusu kibaka wa usiku wala mwembe ulioangukia paa. Lakini "miaka 25" ni maneno yanayotuliza moyo, na moyo uliotulia hauendi kukata bima.

Kama sola yako ni ile ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, una uhondo wa ziada. Kwa kawaida mtambo ule ni mali ya kampuni mpaka umalize malipo ya mwisho, na mwenye haki ya kufidiwa ni yule ambaye hasara inamwangukia. Nani huyo kwenye mkataba wako? Usiulize. Usiusome. Kampuni zenyewe huja na kwenda: Mobisol ya Berlin, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliishiwa pumzi mwaka 2019 ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Mkataba uweke kwenye gunia la mbaazi, chini kabisa.

2. Chagua fundi mwenye imani

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo tukae kidogo.

Usimtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Huyo atataka kupanda darini kutazama kenchi, atauliza mbao zina umri gani, atakuandikia risiti, na baya kuliko yote, ataacha jina lake kwenye karatasi ambayo mtathmini wa bima atakuja kuisoma. Na wale akina mama wa Lindi na Mtwara waliopelekwa Tilonia, India, kwenye Chuo cha Barefoot kusomea ufundi wa sola, wapitie mbali. Walifundishwa kuunganisha waya mmoja mmoja kwa kufuata rangi, na mtu wa namna hiyo hana haraka. Wewe una haraka. Jirani ameshafunga yake.

Mtafute kijana anayejua kila kitu. Utamtambua kwa majibu.

"Fundi, kenchi hizi zitabeba kweli?"

"Bosi, hizi zinabeba hata lori."

Paneli moja kubwa ya nyumbani ina uzito wa kilo 20 hivi. Nne ni kilo 80, bado fremu za chuma, na chini yake kuna miti ambayo mchwa wameanza nayo mazungumzo. Kijana hana mizani. Mwache apigilie misumari moja kwa moja kwenye bati, bila mpira wala gundi. Kila tundu litavuja masika, kidogokidogo, mpaka dari iote madoa kama ramani ya mkoa. Na huu ndio uzuri wake: bima ya nyumba inalipa mambo ya ghafla, yaani moto, radi, dhoruba, wizi wa kuvunja. Kutu, kuoza na kuvuja kwa taratibu kunaitwa matunzo, na matunzo ni ya mwenye nyumba. Kwa msumari mmoja fundi wako ameitoa hasara kwa kampuni na kukuletea wewe. Mpe chai.

Kisha waya. Mwembamba, wa rangi moja, viungo vimesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Umeme unaotoka kwenye paneli ni wa DC, na ukianza kuruka cheche kwenye kiungo kilicholegea hauzimiki kirahisi kama ule wa TANESCO. Unaendelea kuchoma mpaka upate kitu cha kula. Fuse? Kipande cha waya wa shaba kinatosha. Waya wa kuipeleka radi ardhini? Mwambie fundi radi za huku ni za kutumwa, haziji bila sababu. Betri iwe ya lori (kijana huyu anapenda malori) na ikae chini ya kitanda. Betri za namna hiyo zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo haina harufu, kwa hiyo haitakusumbua usingizini. Chumba kisiwe na dirisha.

Kuna hatua moja tu nitakayokusihi usiifuate. Kama nyumba ina umeme wa REA, ule wa vijijini tuliounganishiwa kwa shilingi 27,000, fundi wako atakwambia swichi ya kubadilisha kati ya TANESCO na sola ni gharama ya bure. Bila swichi hiyo, siku laini imezimwa ili mtu apande nguzoni, inveta yako inaweza kurudisha umeme kwenye waya anaoushika. Hapo hata mimi nisiye na aibu nasita. Yule juu ya nguzo ana watoto. Funga swichi. Njia za kunyimwa fidia bila kuua mtu ziko tele, twende nazo.

3. Jaza fomu ukiwa umesimama

Zamani usingepata shida ya kuchagua. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya utaifishaji wa 1967 likabaki peke yake sokoni huku Bara mpaka sheria ya 1996 ilipofungua milango. Leo kuna kampuni nyingi, kuna mawakala, na benki nazo zinauza bima dirishani. Mawakala wengi wa huku wanakula kwa bima za pikipiki na magari. Paa lako hawajaliona na hawana hamu ya kuliona. Usiwape hamu hiyo. Ukimkaribisha aje Mbekenyera apige picha, umejimaliza mwenyewe.

Msingi wa bima ni nia njema ya hali ya juu. Maana yake, mwombaji aseme kila jambo ambalo lingeweza kuifanya kampuni ya bima ikubali, ikatae au ipandishe ada, hata kama hakuulizwa. Ndiyo maana fomu inahitaji ustadi. Kuta za nini? Andika "matofali", tope lililopigwa plasta nani atalijua. Paa la nini? "Bati." Jiko la nyasi lililoegemea ukuta wa nyuma ni jiko, wao wameuliza nyumba. Kuna biashara inayofanyika humo? "Hapana." Umewahi kupata hasara? "Hapana", maana bati lililoruka mwaka juzi ulilirudisha mwenyewe. Kuna mtambo wowote juu ya paa? Acha wazi. Kimya hakina mwandiko.

Bora zaidi, mwache wakala akujazie, wewe usaini chini ukiwa umesimama, pikipiki inanguruma nje. Saini ni yako hata kama majibu ni yake. Kampuni zenyewe, tuwape haki yao, zimetusaidia sana katika hili: hati nyingi bado ziko kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo kama ufuta, na anayemuuzia mkulima hati asiyoweza kuisoma anajua anachofanya. Lakini tusiwalaumu leo. Leo wako upande wetu.

Kuna swali moja ambalo likiulizwa litaharibu kila kitu: paneli zangu zinahesabiwa wapi? Hati ya kawaida ya nyumba imegawanyika. Kuna jengo, kuna vitu vya ndani, kuna vitu unavyotembea navyo, na kuna madhara unayoweza kumsababishia mtu mwingine. Paneli iliyofungwa kwenye paa kwa boliti huwa inafuata jengo. Ile ya wati 50 unayoitoa asubuhi na kuiegemeza kwenye mbuyu, kisha unairudisha ndani magharibi kwa kuogopa wezi, inafuata vitu. Kama umekata bima ya jengo tu na paneli yako ni ya kutoka na kuingia, haimo. Kama umekata ya vitu tu na paneli imefungwa juu, haimo. Swali hilo kwa wakala lingechukua dakika mbili. Muulize habari za Simba na Yanga.

Wenzetu wa Marekani hawana uhuru huu. Huko pia paneli za paani kwa kawaida huhesabiwa pamoja na nyumba, na zilizosimikwa uani huhesabiwa kando, lakini wanabanwa zaidi. Florida, mtambo wa nyumbani ukizidi kilowati 10 na ukaunganishwa kwenye gridi, mwenyewe anatakiwa awe na bima ya madhara kwa wengine ya dola milioni 1. Huku kwetu mtandao pekee utakaounganisha ni wa jirani anayeomba waya wa taa moja.

4. Taja thamani ya chini, ukubwa utaonyesha kwa macho

Ada inapigwa kwa asilimia ya thamani, kwa hiyo akili ya kawaida inasema punguza thamani. Isikilize. Tuseme, kwa mfano, nyumba na sola yake kuijenga upya leo ni shilingi milioni 40. Wewe andika milioni 20. Ada imekuwa nusu, umejisifu, umekunywa soda.

Upepo unakuja, unang'oa paneli mbili na bati upande mmoja, hasara milioni 4. Utasema: milioni 4 ni kidogo kuliko milioni 20, nilipwe zote. Ndipo unapokutana na kanuni ya uwiano. Ulikatia nusu ya thamani, kwa hiyo unalipwa nusu ya hasara: milioni 2, tena ukitoa kile kiasi cha kwanza ambacho hati inasema utakibeba mwenyewe. Nusu nyingine ulijikatia bima wewe, na wewe huna akiba.

Kuna wanaokwenda upande wa pili. Wanaandika milioni 80 wakidhani watatajirika. Hao nawapenda zaidi, maana wanalipa ada iliyopigwa kwa milioni 80 na wakipata hasara ya milioni 4 wanalipwa milioni 4. Bima hairuhusu mtu atoke kwenye moto akiwa na nyumba nzuri kuliko aliyoingia nayo. Na betri ya miaka minne, isipokuwa hati imesema utapewa mpya badala ya ya zamani, inalipwa kama betri ya miaka minne, yaani bei ya chuma chakavu na pole.

5. Baada ya hapo, kimya

Msimu wa pili umeongeza paneli mbili na inveta kubwa. Usimwambie mtu. Wakala akitoa karatasi ndogo ya nyongeza ya kuambatisha kwenye hati, mitambo yako mipya itakuwa imeingia, na tutaanza upya.

Ada nayo ichelewe. Hati inaisha Machi. Mwambie wakala utalipa ufuta ukiuzwa. Atacheka, atakubali, atakuita mzee. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haicheki: bila ada hakuna bima. Kati ya Machi na ufuta unalala chini ya paa lisilo na bima huku karatasi ikiwa bado ukutani, nembo inang'aa.

Au subiri mawingu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani na mvua zikakata barabara ya kwenda Dar es Salaam, ndipo watu walipokumbuka kuuliza bei za bima. Huo ndio wakati mwafaka kwa mfuasi wangu. Hasara iliyokwishatokea haikatiwi bima, na wakala akisikia ngurumo kwenye simu yako naye si mtoto.

6. Itume nyumba ikafanye kazi

Ulisema kwenye fomu kwamba hakuna biashara. Vizuri. Sasa weka jokofu uuze barafu na aiskrimu za ukwaju. Weka ubao wa soketi wa kuchajia simu, mia tatu kila moja. Toa kiti sebuleni, ingiza mabenchi, tundika runinga, fungua banda umiza. Timu yetu ya Namungo ikicheza ugenini, Ruangwa nzima itakuwa kwako: vijana arobaini ndani, sigara, mkaa wa kahawa mlangoni, inveta inalia kwa kuzidiwa. Bima uliyonunua ni ya nyumba ya familia inayolala saa tatu. Mtathmini atakapokuta mabenchi yaliyoungua, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Lakini kilele cha sanaa hii, na kitu ambacho mtu wa Dar hawezi kukufundisha, ni chumba cha stoo.

Kila mkorosho huku unahitaji salfa ya kupuliziwa dhidi ya ubwiri unga. Mifuko ya salfa huwekwa wapi? Stoo. Betri na inveta zimefungwa wapi ili wezi wasizione? Stoo. Salfa ni unga unaoshika moto, na vumbi lake likitanda hewani cheche moja inatosha. Magunia ya korosho yanayosubiri mnada yako wapi? Stoo hiyohiyo, na ganda la korosho lina mafuta yanayowaka vizuri sana, ukiyaonea shaka muulize yeyote aliyewahi kubangua kwa moto. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi umekusanya kichocheo, kiwashio na kuni, na kwenye fomu kuna mstari ulioandikwa "makazi". Sijaona mahali pengine ambapo kilimo, nishati na bima vimeshirikiana hivi.

Hata ile salfa inayopulizwa shambani haipotei bure. Vumbi lake la manjano linatua juu ya paneli, linashikamana na umande, na nguvu ya mtambo inashuka. Usipande kuosha. Siku ukidai, sema paneli zimeharibiwa na dhoruba, na mtathmini apitishe kidole.

7. Hamia shamba

Nyumba ikibaki bila mtu kwa muda unaotajwa kwenye hati, mara nyingi siku 30 mfululizo, kinga ya wizi husimama mpaka urudi. Wakati wa kuokota korosho familia nzima inahamia shamba. Usimjulishe wakala, usimwachie mtu funguo, na mlango wa nyuma ufunge kwa kamba, maana wizi usio na alama ya kuvunja ni wizi ambao kwa hati nyingi haukutokea.

8. Siku yenyewe

Siku imefika. Moshi unatoka stoo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini wewe anza kupiga video. Ukifanikiwa kuwapata, usiwaambie juu kuna paneli. Paneli hazizimwi kwa swichi ya ukutani. Jua likiwapo zinaendelea kuzalisha umeme, na mwenye mpira wa maji angependa kulijua hilo kabla hajapanda. Basi, hili nalo mwambie. Naona leo nimekuwa mtu wa huruma.

Yaliyobaki tufanye kwa ukamilifu. Hati inataka uitaarifu kampuni mapema, uende polisi kama ni wizi, na usiguse mabaki mpaka mtathmini aje. Kwa hiyo: kaa wiki tatu ukipokea pole. Mabaki ya inveta wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Mwite fundi yuleyule azibe bati na kupaka rangi, ili mtathmini akute nyumba nzuri kuliko ilivyokuwa na ajiulize amefuata nini.

Risiti za mashine ya EFD hukuchukua, kwa kuwa muuzaji alikupunguzia kidogo ukikubali kuondoka bila risiti. Namba zilizo nyuma ya paneli hukuzipiga picha. Kazi ya dakika tano kabla hazijapandishwa, na mwizi akikamatwa Masasi na paneli kumi, zako ni zipi? Waambie polisi zako ni zile zinazowaka vizuri.

Sasa orodha ya madai. Hapa ubinadamu wako uonekane. Uliunguliwa na redio, magodoro mawili na runinga ya inchi 32. Andika inchi 65. Ongeza kompyuta. Ongeza seti ya makochi uliyoiona kwa diwani. Huenda dai lako la kweli lingelipwa, angalau kwa sehemu, lakini uongo mmoja ukithibitika unaipa kampuni haki ya kukataa lote, pamoja na magodoro mawili ya haki kabisa. Ni kazi ya mstari mmoja wa kalamu. Wengine wamehangaika na misumari na salfa mwaka mzima, na wewe ukawapita kwa makochi.

9. Lalamika pasipofaa

Barua ya kukataliwa ikifika, usiombe sababu kwa maandishi. Usiende Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda huku kusini, Mtwara. Usimwandikie Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye yupo kwa mashauri ya namna hii hasa, na ambaye mwananchi anaweza kumfikia bila wakili. Watu hao wana tabia ya kuomba nakala ya hati, na wakati mwingine hugundua kwamba kampuni ndiyo iliyokosea. Ukilipwa kwa njia hiyo usiseme ulisoma kwangu.

Nenda kijiweni. Pale kwenye bao utapata wazee sita waliowahi kuibiwa na bima ambayo hawakuwahi kuikata. Sema kwa sauti kwamba bima ni wizi. Kijana aliyekuwa anafikiria kukata atakusikia, atakuamini, na atatumia fedha hiyo kuongeza paneli ya tano.

Ukiona lazima uandike mahali, andika juu kabisa. Aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025, na muongo mzima wa jirani mkubwa umetuzoesha vibaya. Barua iende kwa kiongozi yeyote wa kitaifa, kwa mwandiko wa mkono, kurasa nne. Usitaje namba ya hati wala tarehe ya moto. Ambatisha ushahidi wa picha: ile moja uliyonayo, iliyopigwa siku sola ilipowashwa, umesimama juu ya ngazi umevaa suti, mikono kiunoni, umeziziba paneli zote.